Mizani inasoma kilo, haikwambii kilo za nini

Kuna mzee mmoja wa kutoka Bahi figo zimefeli, tulikuwa tunamsafisha damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kila akija mizani inasema 63, tunamtoa lita 2, anaondoka na 61 yake ambayo ndo uzito mkavu, yaani uzito wa mtu maji ya ziada yakishatoka, ulioandikwa kwenye faili, yaani kwenye makaratasi kila kitu safi, ila presha 190 kwa 100 hata akishatoka kwenye mashine na dawa za presha anameza aina tatu. Tukaanza kumuuliza kama kweli anameza. Mzee wa watu alikuwa anameza.

Siku moja namvua viatu nikaona soksi imechora mfereji mguuni, alafu mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Mguu umejaa, kiuno kimepungua. "Mzee wangu, chakula kinapanda?" Akasema mwanangu tangu nilivyougua kifua ugali naulazimisha tu. Basi nyama ilitoka, maji yakakaa nafasi yake, na mizani ikabaki palepale.

Tukampima kwa bioimpidansi, kipimo cha kukadiria maji ya mwilini kwa umeme. Unalala chali dakika kama tano maji yatulie mwilini, tunakubandika stika nne za waya, mbili mkononi mbili mguuni, upande usio na fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji wa kuchomea sindano za mashine, kisha unapitishwa umeme mdogo sana hata huusikii, dakika mbili imeisha. Umeme huo unabadilishwa mwendo, kuanzia mizunguko elfu 5 kwa sekunde mpaka milioni 1. Wa mwendo mdogo haupenyi ukuta wa seli, unapita kwenye maji ya nje tu kama mvua inavyopita vichochoroni katikati ya nyumba, ila wa mwendo mkubwa unapenya mpaka ndani. Kwa kulinganisha jinsi mwili unavyouzuia umeme kwa kila mwendo, mashine inakadiria maji ya nje ya seli na ya ndani, alafu ukiiwekea kilo na urefu inakupa lita zilizozidi. Mtu mwenye figo nzima anacheza kati ya lita 1.1 pungufu na 1.1 zaidi. Yaliyozidi yakipita asilimia 15 ya maji ya nje, ambayo kwa wengi ni kama lita 2.5, mimi nashtuka, manake wanaokaa hivyo muda mrefu wanafariki zaidi ya wenzao.

Mzee wetu alisoma lita 5.2 zilizozidi kabla hajaunganishwa kwenye mashine. Sasa toa zile 2 tunazomtoa kila akija, maana yake alikuwa anarudi nyumbani na lita 3 na zaidi tukimwambia yuko mkavu! Iliniuma sana.

Hatukumkamua siku moja, moyo hauvumilii. Kikomo tunachojaribu kutovuka ni mililita 13 kwa kilo kwa saa, kwa mtu wa kilo 58 akikaa saa 4 kwenye mashine hiyo ni kama lita 3 tu, kwahiyo tulishusha uzito mkavu nusu kilo nusu kilo kwa wiki kadhaa mpaka 58, presha ikaja 145 na daktari akamwondolea dawa moja. Nyumbani nako tukakuta magadi kwenye mlenda. Magadi ni sodiamu kama chumvi ilivyo, na hilo wengi huku kwetu hatulihesabu, mtu anaapa hali chumvi na mlenda anakula kila siku. Dripu ya maji ya chumvi ina gramu 9 kwa lita, ndo ujue ukila chumvi ya kiasi hicho mwili utadai karibu lita nzima ya maji, na kwa joto la Oktoba hapa Dodoma kiu hiyo hutaishinda kwa kujikaza.

Kipimo kinageuka pia upande wa pili. Mama mmoja alikuwa anabanwa misuli na kuzimia kila akifikisha saa tatu kwenye mashine, kumbe hamu ya kula imerudi kanenepa kweli na sisi tunamnyang'anya maji anayoyahitaji, tukampandishia uzito mkavu akatulia.

Ila msikichukulie kama neno la mwisho. Maji yaliyojaa tumboni hakiyaoni vizuri, aliyekatwa mguu majibu yake yanapotoka, mwenye betri ya moyo kwa kawaida hatumpimi, na hakikwambii ni kiasi gani kimo kwenye mishipa. Utafiti mkubwa wa Uingereza, BISTRO, uliotoka 2023, haukuona kwamba kukitumia kunalinda mkojo ambao figo za mgonjwa bado zinautoa kuliko uangalizi mzuri wa kawaida. Mimi bado nakitaka, lakini bado nabonyeza kifundo cha mguu na bado nakuuliza unalala na mito mingapi kichwani, manake maji yakijaa mapafuni mtu hawezi kulala chali.

Ukiambiwa unapimwa kesho, usipake mafuta mikononi na miguuni. Najua ukavu wa huku unapasua visigino, ila stika hazishiki na namba zinaharibika, tunabaki kusugua na spiriti huku wenzio wanasubiri kitanda.