Usawa wa bahari ni nini, na unapimwaje ukibadilika?

Tunaambiwa Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Nenda Dar es Salaam kautafute huo usawa: hutauona. Asubuhi maji yamejaa yanapiga ukuta, mchana yamekupwa watoto wanacheza mpira mchangani, na siku za bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti hupita mita tatu. Usawa wa bahari ni wastani, yaani pale maji yangesimama kama yasingesumbuliwa na mawimbi, upepo wala mwezi. (Redioni husema "kina cha bahari kimeongezeka". Silipendi neno hilo. Kina ni kutoka juu ya maji hadi sakafuni, na hicho sicho kinachopimwa.)

Kinachotafutwa ni milimita chache kwa mwaka. Fikiria pipa la maji juu ya mkokoteni wa punda, njia yenyewe makorongo matupu, halafu uulizwe kama mtu ameongeza kijiko kimoja. Ukichungulia mara moja hutajua. Pima mara elfu, chukua wastani. Kule kurukaruka kunajifuta, kijiko kinabaki.

Bandarini husimamishwa bomba lenye tundu dogo chini. Maji huingia taratibu, wimbi hubaki nje, na boya lililomo ndani hupanda na kushuka huku urefu ukiandikwa. Brest, Ufaransa, wana kumbukumbu za tangu 1807. Zanzibar tangu 1984. Wastani mzuri huchukua miaka 19, kwa sababu mwezi una mzunguko wa miaka 18.6 unaobadilisha ukubwa wa kujaa na kupwa. Tatizo ni kwamba bomba limeshikiliwa na nchi kavu, nayo haitulii. Stockholm, Sweden, ardhi bado inainuka tangu ilipotuliwa mzigo wa barafu ya kale, hivyo pale bahari huonekana inashuka. Jakarta, Indonesia, ardhi inadidimia, na bahari huonekana inapanda kuliko inavyopanda kweli.

Setilaiti haitegemei gati. TOPEX/Poseidon, ya Marekani na Ufaransa, ilirushwa 1992 ikazunguka kilomita 1,336 juu, ikituma mawimbi ya rada na kupima muda yanaochukua kugonga maji na kurudi. Kila siku 10 hivi ilirudia njia ileile. Warithi wake, kama Sentinel-6 ya 2020, kila mmoja huruka kwanza miezi kadhaa sambamba na anayemtangulia, kama muuza duka anavyolinganisha mizani mpya na ya zamani kabla hajaitupa. Tangu 1993 bahari imepanda takriban sentimita 10, na kasi inaongezeka.

Sababu ni mbili kubwa: maji yakipata joto huvimba, na barafu ya nchi kavu inayeyuka. Maboya ya Argo, karibu 4,000, huzama hadi mita 2,000 kupima joto. Setilaiti za GRACE, kuanzia 2002, zilipima uzito wa maji na barafu kwa mvutano wake. Ukijumlisha hayo mawili, jibu hukaribiana sana na la rada.

Na zile mita 1,120 za Dodoma? Haziandikwi upya kila mwaka. Zinahesabiwa kutoka wastani wa zamani uliokwisha kuwekewa alama.