Waamu si Waarabu waliosahau kurudi kwao

Kuna hadithi ambayo wageni hulishwa pale gatini: eti Lamu, mji wa Waamu, ilijengwa na Waarabu, na Mswahili ni mhamiaji aliyekuta pwani tupu akapiga kambi. Hadithi tamu, ila haikubaliani na ardhi yenyewe.

Ukivuka hadi kisiwa cha Pate, karibu na Siyu, kuna magofu ya Shanga. Wachimbaji walipofukua huko miaka ya 1980, chini ya msikiti wa mawe walikuta misikiti mingine ya miti, na wa kwanza ni wa karne ya 8. Nyumba zilizouzunguka zilikuwa za miti na udongo, kijiji cha Kiafrika hasa. Majumba ya mawe yalikuja baadaye sana.

Mwaka 2023 ukachapishwa uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa zamani kwenye miji ya pwani, Manda na Faza ikiwemo, na mji mmoja wa bara. Upande wa akina mama, asili karibu yote ni ya Afrika. Upande wa baba, Waajemi ni wengi, na mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000. Kwa hiyo anayekana ugeni wote naye anakosea (na wapo, hasa msimu wa kura).

Sheria, kwa bahati, haiulizi nasaba ya miaka elfu. Katiba ya 2010 yasema mtoto wa mama au baba Mkenya ni raia kwa kuzaliwa. Hata hivyo, Wapemba wa pwani ya Kenya, wenye asili ya kisiwa cha Pemba, walisubiri hadi 2023 kutambuliwa kuwa raia.