Kipimo cha korosho kusoma "chanya" si ugonjwa

Wiki haipiti bila mzazi kuniwekea mezani karatasi ya maabara: mtoto ana aleji ya korosho, karanga, lozi na nazi, ameachishwa vyote. Namuuliza, amewahi kula korosho akadhurika? "Hapana daktari, ila kipimo kimesema."

Kipimo hakijasema hivyo! Kimesema damu yake ina kingamwili za IgE, zile zinazohusika na mzio (aleji), zinazoitambua korosho. Watoto wengi wanazo na wanatafuna korosho bila hata kujikuna. Mzio ni pale chakula kinapoleta dalili: midomo kuvimba, vipele, kutapika, kukohoa, mara nyingi ndani ya dakika chache, aghalabu si zaidi ya saa mbili. Ndiyo maana nahoji kwanza: alikula nini, kiasi gani, dalili zilianza lini, na alipokula tena ilikuwaje. Kipimo kinafuata, tena cha kile ninachokishuku tu. Kupima orodha nzima ya vyakula kwa mtoto asiye na historia yoyote ni kununua hofu.

Na nazi, jamani! Kumwachisha nazi mtoto wa Pwani ni kumtenga na chungu cha nyumbani kwao. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilikuwa imeiweka nazi kundi moja na korosho na lozi hadi Januari 2025, ilipoiondoa. Mzio wa nazi upo, lakini ni nadra. Karanga nayo ni jamii ya kunde, si ya korosho. Mwenye mzio wa korosho namkataza na pistachio, kwa kuwa protini zao zinafanana mno. Lozi na karanga, kama anazila bila shida, aendelee.

Utata ukibaki, na hubaki mara nyingi, tunamlisha hospitalini chakula kinachoshukiwa, kidogo kidogo, adrenalini (sindano ya dharura) ikiwa tayari. Hata hivyo, ukubwa wa uvimbe wa kipimo cha ngozi, kile cha kuchoma ngozi kidogo kwa chakula kinachoshukiwa, haumwambii daktari yeyote shambulio lijalo litakuwa kali kiasi gani. Aliyetoka vipele tu safari hii anaweza kukosa pumzi safari ijayo.

Akikosa pumzi au akilegea, dawa ni adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje: mikrogramu 10 kwa kila kilo ya uzito, ikirudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Setirizini, dawa ya kawaida ya aleji, hutuliza muwasho; haifungui njia ya hewa. Alazwe chini, asitembezwe, anayehema kwa shida aketi. Kisha hospitali, hata akionekana amepona, maana dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.