Kusi ikivuma na wewe uko juu ya baiskeli: maswali na majibu

Baridi imeshaingia Malindi. Najua watu wa Limuru watacheka wakisikia nyuzi 22 alfajiri tunaziita baridi, wacha wacheke, ukitoka Ganda kabla jua halijachomoza na dumu la mnazi liko kwenye karia na kusi, ule upepo wa kutoka kusini, inakupiga ubavuni utanielewa. Maswali yamekuwa mengi msimu huu, haya hapa yale yanayojirudia.

Mamangu asema nikiendesha kwa upepo bila sweta ntapata nimonia. Kweli?

Nimonia inaletwa na vijidudu, bakteria ama virusi, vikishuka mapafuni. Upepo peke yake hauwezi. Ila usimbishie mama sana, maana msimu huu watu hufunga madirisha wakabanana ndani na mafua yanapita kutoka pua hadi pua, na ukiwa umelowa jasho halafu ukasimama Gede kupiga stori nusu saa, mwili unapoa haraka na utatetemeka. Beba shati kavu, basi. Ukiona unapumua mbio hata umekaa, kifua kinachoma ukivuta pumzi, homa iko juu, hapo nenda hospitali, usingoje wiki iishe.

Jioni nikirudi natetemeka na viungo vyauma, nadhani ni baridi ya njiani. Ninywe chai ya tangawizi nilale?

Kapime malaria kwanza. Mchana wetu ni nyuzi 27 ama 28 hata mwezi wa saba, joto hilo haligonganishi mtu meno. Mvua ya mwaka, yaani masika, imeacha madimbwi, mchoo nao, zile mvua ndogo za msimu huu, unaongeza, mbu wamejaa, na huku Kilifi malaria bado ipo. Kipimo cha kidole ni tone moja la damu na jibu unalipata ndani ya dakika 20 hivi. Tangawizi utakunywa ukirudi, haina neno.

Kukiwa na baridi mimi sisikii kiu kabisa. Lazima nibebe maji?

Hili ndilo linaloniudhi kila mwaka! Wakati wa kaskazi, msimu wa joto, kila mtu ana chupa kwa sababu shati limelowa na jasho analiona. Kusi inakausha jasho papo hapo, shati unaliona kavu, kiu haiji, ukadhani mwili hautoi kitu na kumbe unatoa vilevile, hasa ukiwa na mzigo. Halafu angalia njia yenyewe: ukitoka mjini kwenda Mambrui kusi iko mgongoni, daraja la Sabaki unalipita bila hata kukanyaga sana pedali, unajiona kijana wa miaka kumi na nane. Kurudi sasa! Upepo wote usoni, mchanga machoni, na hapo ndipo kichwa kinaanza kuuma na misuli ya paja kukaza, watu wanasema ni uchovu tu. Mara nyingi ni maji yamepungua mwilini.

Kwa hivyo kunywa kidogokidogo kabla ya kiu, kama nusu lita kwa saa inawatosha wengi, mwenye mzigo mzito aongeze. Mkojo utakwambia, ukiwa na rangi ya chai ya rangi umechelewa. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni kidogo, na aliyetoka jasho masaa mengi anahitaji chumvi pia, changanya mwenyewe: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, usijaze kilima. Mwenye presha ama figo aulize daktari kabla. Na mkiwa mwaendesha kwa mazoezi tu, anzeni na upande wa Watamu mkiwa na nguvu, kusi iwarudishe nyumbani.

Nina pumu. Niache baiskeli mpaka kusi iishe?

Hapana. Anza polepole dakika kumi, vuta pumzi kwa pua, funga leso mdomoni pale penye vumbi. Kama daktari amekupa dawa ya kuvuta utumie kabla ya mazoezi, itumie vile alivyokwambia na iwe mfukoni, sio kabatini. Siku kifua kinapiga filimbi tangu asubuhi, panda tuktuk.

Kaka, napata kazi Ujerumani mwezi wa kumi na mbili, nataka kuendesha baiskeli huko. Ntaweza?

Utaweza, wenyewe wanaendesha mwaka mzima. Ila ile ni baridi nyingine. Hewa ikiwa nyuzi sifuri na wewe unakwenda kilomita 20 kwa saa, ngozi inasikia kama ni 5 chini ya sifuri. Fulana ya pamba usivae ndani, ikishika jasho inakaa na maji, vaa ya sufi, juu yake nguo ya joto, juu kabisa jaketi la kuzuia upepo. Glavu na kitu cha kufunika masikio usisahau. Ukianza safari usikie baridi kidogo, ukitoka ukiwa na joto tayari umevaa kupita kiasi na utalowa. Vidole vikiwa vyeupe na havisikii kitu, usivisugue wala usivipeleke kwenye moto, maana hutajua vikiungua. Ingia ndani, vitie kwenye maji ya vuguvugu, halafu daktari. Barafu nyembamba barabarani haionekani, kona usikanyage breki ghafla. Na taa ni sheria, nyeupe mbele nyekundu nyuma, kwani Berlin mwezi huo jua linazama hata saa kumi jioni haijafika.

Naendesha na buibui, upepo waipeperusha yaingia kwenye cheni.

Dadangu, ikunje uifunge upande wa cheni na vaa suruali ndani, na mwambie fundi akutilie kava la cheni. Halichukui muda.