Je, Gharama za Mwanasheria Katika Ununuzi wa Ardhi ya Mji ni Hasara?

Wengi wanaamini kwamba mji ukinunua kiwanja, gharama halisi ni bei ya muuzaji tu, na kwamba fedha anazolipwa mwanasheria ni za kupotea. Imani hii inaeleweka: kiwanja kinaonekana, kazi ya mwanasheria haionekani.

Kwa kawaida kamati ya fedha ya baraza la mji huyapima yote mawili pamoja, bei ya kiwanja na malipo ya mwanasheria. Kabla ya kulipa, lazima hati zipekuliwe. Muuzaji ndiye mmiliki kweli? Ardhi imewekwa rehani? Kuna kesi, au jirani mwenye haki ya njia? Mipaka ya kwenye ramani inalingana na iliyopo uwanjani? Kasoro moja ikigunduliwa baada ya malipo inaweza kuzaa shauri la miaka, na humo ndimo fedha za umma huteketea hasa. Kesi iliyokwisha kufunguliwa nayo hupimwa: gharama ya kuendelea, uwezekano wa kushinda, na bei ya kupatana nje ya mahakama. Hata anayeshinda hana hakika ya kurudishiwa gharama zake zote.

Tena, na hili husahaulika mno, katika miji mingi kamati hupendekeza tu. Baraza ndilo huamua. Mazungumzo ya bei mara nyingi hufanyika faraghani ili muuzaji asijue kikomo cha mji, lakini uamuzi huandikwa.

Mwenye shaka aombe kumbukumbu za vikao, ripoti ya mthamini na taarifa ya ukaguzi wa hesabu. Alinganishe fungu la huduma za kisheria katika bajeti na matumizi ya mwisho wa mwaka. Yakizidi sana, aulize ni kesi ipi.