Sikufanya Mimi, Nilimwazima Tu Paswadi

Jumatatu saa mbili asubuhi, ukungu umeumeza mlima Loleza wote na chai yangu bado ina moto, kijana wa mwaka wa tatu aligonga mlango akiwa na barua mkononi. "Shikamoo madamu." Marahaba. Barua nilikuwa naijua, niliiandika mwenyewe: akaunti yako imefungwa, fika ofisi ya TEHAMA. Nikamuuliza kama anajua sababu. Akanijibu sentensi ambayo muhula huu peke yake nimeisikia mara sita: "Sikufanya mimi madamu, nilimwazima tu mwenzangu paswadi."

Aliitamka kwa utulivu wa mtu anayetoa risiti. Kwake shauri lilikuwa limekwisha, kilichobaki ni mimi kufungua akaunti na yeye kuwahi kipindi. Chai ikapoa. Naandika haya mara moja ili wa saba nimtumie linki.

Kilichotokea ni hiki. Usiku wa Alhamisi akaunti yake ilivuta maelfu ya makala za kisayansi kutoka kwa mchapishaji mmoja wa nje, ambaye maktaba yetu inamlipia ili msome. Huyo "mwenzangu" alikuwa amepata kiprogramu: unakipa orodha, unalala, asubuhi unaamka na PDF za kukutosha mpaka uzeeni. Sasa mchapishaji naye si mjinga. Mitambo yake inajua kasi ya binadamu anayesoma na kasi ya mashine inayokomba, na mkataba wa maktaba unakataza kukomba. Ikaona, ikafunga. Haikumfunga kijana, kwa sababu haimjui. Ilifunga chuo. Ijumaa asubuhi wanafunzi wa mwaka wa mwisho wenye tafiti zao, na wahadhiri wawili waliokuwa wanamalizia maandiko, wote wakakutana na ukuta, na wote wakanipigia simu mimi.

Mliosoma shule za bweni mtanielewa haraka. Shule nzima ilikuwa na S.L.P. moja. Barua yako ilifika kwa namba ileile ya barua ya mwenzako, na ndani ya shule ndipo mtu alipogawa hii ya nani, hii ya nani. Chuo nacho kinatoka nje kwa anwani chache za IP ambazo maelfu yenu mnachangia. Mtu wa nje akitukanwa, anachokiona ni S.L.P. tu. Uzi pekee unaotoka kwenye ile anwani ya nje kurudi mpaka kwa mtu mmoja aliyekaa bwenini ni jina ulilotumia kuingia. Zamani kidogo tungeweza kusaidiwa na anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, lakini Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 zinajitungia anwani ya bandia kwa kila mtandao. Ni jambo jema kwa faragha yenu, na silalamiki. Ila limeacha jina la akaunti likiwa peke yake.

Ndiyo maana naishiwa subira na neno "nimemwazima". Kalamu inaazimwa, hata laptopu inaazimwa. Laini yako ya simu iliyosajiliwa kwa kidole chako, je, ungempa mtu unayemjua tangu Oktoba akaipigie anakojua yeye? Namba ya siri ya M-Pesa ungemwandikia kwenye karatasi? (Najua wapo wanaompa wakala. Hao nao tutawaombea.) Kila mtu hapa Mbeya, kuanzia dereva bajaji wa Kabwe mpaka mama wa viazi Mwanjelwa, anajua kwamba laini yako ikitapeli, polisi wanakuja kwako kwanza. Akaunti ya chuo ni hivyohivyo, ila kwa kuwa haina pesa ndani mnaiona kama nyepesi.

Sasa nifike panaponiwasha hasa. Kijana yule alidhani ninamwita mwongo. Hapana. Namwamini! Nina hakika karibu kabisa kwamba usiku ule alikuwa amelala. Sera ya matumizi ya mtandao ina makosa mawili yaliyosimama mbalimbali: kukomba makala kwa mashine ni moja, kumpa mtu nywila yako ni lingine. Anapoingia ofisini na kusema "sikufanya mimi, nilimwazima tu", anajitetea kwenye kosa la kwanza kwa kukiri la pili. Barua yenyewe ilitaja la pili tu. Sijapata kuona mtu akisoma barua ile mpaka aya ya mwisho.

Na kuna ubaya mwingine ndani yake. Kama hujampa mtu nywila, na akaunti yako ikafanya jambo la ajabu usiku, mimi nakuwa wakili wako: natafuta kama umeibiwa, kama kuna kiunganishi cha ulaghai ulichobonyeza, kama kuna mtu ametega Wi-Fi yenye jina kama letu pale kantini. Ukishasema uliigawa, siwezi tena kutofautisha mwizi na rafiki. Umenifunga mikono mimi ambaye ningekutetea.

Kabla hamjaanza kuandika kwamba tunawachungulia, acha niseme ninachoona na nisichoona. Naona akaunti gani imeingia, saa ngapi, kupitia kituo gani cha Wi-Fi, ikapewa anwani gani ya ndani. Mara nyingi naona jina la tovuti unayokwenda na uzito wa mzigo uliopita. Sioni ulichosoma ndani, maana tovuti nyingi leo zinasafiri zimefungwa kwa HTTPS. Meseji zenu za WhatsApp sizioni, zimefungwa kutoka simu hadi simu kwa watumiaji wote tangu Aprili 2016, na hata kama ningeweza, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayowakataza ninyi kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini inanikataza na mimi. Ile hali fiche ya kivinjari inakuficha kwa mdogo wako anayeazima laptopu, ruta haijali. VPN, ile njia ya kupitisha mawasiliano yako yakiwa yamefichwa, inanificha majina ya tovuti, kweli, ila naona uko kwenye VPN, tangu saa ngapi, na mzigo kiasi gani. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo lake kuhusu wanaotumia VPN, kawaulizeni wao. Filamu, mikeka ya kubeti, picha za utupu, kuuza viatu kwa barua pepe ya chuo: yamo kwenye sera, mnayajua, tusonge.

Tena mnatupa uwezo tusio nao. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu chini ya bahari na nchi nzima ikayumba, alikuja mtu ofisini kuniuliza kwa nini nimezima.

Lakini kuna jambo ambalo sisi wa TEHAMA hatulisemi kwa sauti, nalo ni kwamba kumbukumbu za mitambo zinadanganya. Hazidanganyi kwa nia mbaya. Zinadanganya kuhusu saa. Miaka kadhaa nyuma tulipata malalamiko kama haya ya Alhamisi. Taarifa ya mchapishaji ilisema tukio ni la 23:10. Nikafungua kumbukumbu zetu: saa tano na dakika kumi usiku, nani alikuwa anaongea na seva ile? Nikampata dada mmoja wa mwaka wa nne. Jina lake likaenda Kamati ya Nidhamu likiwa na sahihi yangu.

Zile 23:10 zilikuwa za UTC, saa ya kimataifa. Sisi tuko mbele kwa saa 3. Tukio halisi lilikuwa 02:10 ya hapa, saa nane na dakika kumi usiku, na wakati huo dada wa watu alikuwa ameshatoka kwenye mtandao zaidi ya saa mbili. Saa tano alikuwa anasoma makala zake mbili tatu, halali kabisa, kama tunavyowasihi msome. Nilirekebisha baada ya siku mbili na nilimwendea mwenyewe bwenini kumwomba radhi. Siku zile mbili aliyekosa usingizi hakuwa mimi. Na marekebisho yenyewe nusura yaharibike tena: katibu aliandika "saa 8" kwenye muhtasari, mjumbe mmoja akaisoma kuwa mchana, akauliza mbona huo ni muda wa vipindi.

Ongezeni na radi zetu za Machi. Umeme ukikatika na kurudi, kuna swichi zinazoamka zikiamini leo ni tarehe 1 Januari 1970, na zinaandika kwa kujiamini hivyohivyo mpaka zipate saa sahihi kutoka seva ya kutunza saa. Nimewahi kuona mwanafunzi aliyezaliwa 2003 "akiingia" kwenye mtandao miaka 33 kabla hajazaliwa. Hiyo tunaicheka. Ile ya dakika kumi na mbili pungufu, ambayo inaonekana sahihi, ndiyo inayopeleka mtu asiyehusika mbele ya kamati. Kwa hiyo siku hizi ninachokubali kuapia ni kimoja: akaunti hii iliingia. Kwamba vidole vilikuwa vya nani, siapi, na mjumbe anayetaka niape naye huwa namsimulia habari ya yule dada.

Wahadhiri msicheke. Mwanafunzi akigawa nywila yake tunapoteza majarida wiki moja. Ninyi mnagawa nywila ya mfumo wa matokeo kwa kijana wa kuwasaidia kuingiza alama, kwa kuwa UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zimerundikana na mfumo ni mzito. Alama ya C ikigeuka B+ usiku, kumbukumbu zangu zitasema ni Daktari fulani aliyebadilisha, na Daktari atakuja ofisini kwangu na sentensi ileile, ila kwa suti.

Na mimi pia sina mikono safi. Nilipoajiriwa, ofisi yetu ya watu wanne ilikuwa inatumia jina moja kuingia kwenye ruta kuu. Wote tulikuwa "admin". Jumamosi moja mpangilio mzima ukafutika, chuo kikakaa gizani mpaka Jumapili jioni. Tukaulizana. Wanne wote tukasema sikufanya mimi, na kumbukumbu zikasema amefanya admin. Mpaka leo sijui ni nani. Kuna siku hujiuliza kama sikuwa mimi, maana nilikuwa ndani jioni ile nikisafisha mipangilio ya zamani, na nilikuwa nimechoka.

Nirudi kwa kijana wangu. Nilimwuliza kwa nini mwenzake hana akaunti yake mwenyewe. Hapo ndipo alipoacha kuwa mtulivu. Mwenzake hajakamilisha usajili kwa sababu bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, limechelewa, na asiyesajiliwa mfumo haumtengenezei akaunti. Kazi ya darasani ilikuwa inatakiwa Ijumaa, inapakiwa mtandaoni tu. Bando hana. Akaazimwa ili apakie kazi yake, na alipoona mlango uko wazi akashawishika na kile kiprogramu.

Hili sina jibu lake. Sera yetu ina kurasa nyingi za Kiingereza cha wanasheria, na mtu anabonyeza "nakubali" akiwa amesimama koridoni, betri iko asilimia nne. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Mei 2023 nimekuwa nikijiuliza kama kubonyeza kule ni kukubali kweli. Sera imeandikwa na watu wenye bando. Inakataza kuazima nywila, na inanyamaza kuhusu mwanafunzi aliyeko darasani tangu Novemba lakini kwa mfumo hajafika. Nimependekeza akaunti za muda kwa wasiokamilisha usajili, za kupakia kazi na kusoma maktaba tu, zinazokufa baada ya siku thelathini. Pendekezo liko kwenye faili la mtu. Mpaka litoke humo nitaendelea kufunga akaunti za watu ambao kosa lao kubwa ni huruma, na sioni jinsi nyingine, kwa sababu mchapishaji hatatufungulia kwa kuambiwa kwamba bumu limechelewa.

Mchana walikuja wote wawili. Mwenzake alikiri bila kuzungushana, akafuta zile PDF mbele yangu, na barua ya kuomba kufunguliwa ikaenda kwa mchapishaji kupitia mkutubi. Kijana nikamfungulia. Nikamweleza atunge nywila mpya hapohapo, ndefu, isiyo jina la timu yake wala mwaka wa kuzaliwa, nikageuza kiti nikaangalia dirishani ili nisione.

Akaanza kuiandika huku akiitamka, herufi moja moja.