Je, wajua kwa nini mtu huona hatari kazini na bado akanyamaza?

Tarehe 27 Machi 1977 ukungu mzito ulitanda kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, Hispania. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia na hazikuonana. Nahodha wa KLM alikwisha kuanza kuikimbiza ndege bila ruhusa ya kuruka. Mhandisi wa ndege aliyeketi nyuma yake akasikia redioni maneno yaliyomtia shaka, akauliza: kwani ile ya Pan Am haijatoka njiani? Nahodha akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Sekunde chache baadaye ndege zikagongana, wakafa watu 583. Hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Sababu za ajali ile ni nyingi, zikiwemo ukungu na mawasiliano ya redio yaliyoingiliana. Lakini swali lililoulizwa mara moja tu likazimwa ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu muulizaji naye alikuwa ndani ya ndege. Uhai wake mwenyewe ulikuwa hatarini, na bado alinyamaza. Aliyemjibu alikuwa rubani mwenye jina kubwa katika kampuni, anayefundisha na kupima marubani wenzake.

Hofu ya kazini hupiga hesabu haraka sana. Nikisema kisha ikaonekana nimekosea, aibu ni yangu, sasa hivi, mbele ya wenzangu. Nikinyamaza, huenda baya lisitokee, au litokee baadaye na kumwangukia mwingine. Kwetu hesabu hiyo huongezewa uzito wa malezi: mkubwa hakatizwi. Heshima hiyo ni njema na sitaki ipotee. Tatizo huanza pale anayeuliza maswali anapoambiwa ana kimbelembele, na ofisi nzima ikaishi kwa kufunika kombe ili mwanaharamu apite.

Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini. Alitarajia kwamba timu zenye ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Alipochimba akaona kwamba katika timu hizo watu walikuwa huru kuyataja makosa na kuyajadili, ilhali kwingine yalifichwa. Kwa hiyo meneja anayejisifu kwamba idarani kwake hakuna malalamiko hata moja angepaswa kuwa na wasiwasi kidogo.

Sekta ya ndege haikutibu ukimya kwa kuwahimiza watu wawe majasiri. Ilibadilisha namna ya kufanya kazi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mashirika yalianza kuwafundisha marubani jambo lililokuwa geni kwao: rubani msaidizi afundishwe kusema wazi anachokiona na kurudia asiposikilizwa, na nahodha naye afundishwe kusikiliza. Tarehe 19 Julai 1989 mafunzo hayo yalipata mtihani mgumu. Injini ya mkiani ya ndege namba 232 ya shirika la United la Marekani ilipasuka angani na kuharibu mifumo yote ya kuiongoza. Nahodha Al Haynes hakujifanya anajua la kufanya. Alipokea mawazo ya wenzake, na mwalimu wa marubani aliyekuwa akisafiri kama abiria akaitwa kusaidia kuendesha injini mbili zilizobaki. Ndege ilianguka uwanjani Sioux City, lakini kati ya watu 296 waliokuwemo, 184 walipona.

Hospitali nazo zikafuata. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji. Moja ya mambo yake ni kwamba kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Aliyekwisha kusikika mara moja huona wepesi kusema tena, hata kama ni muuguzi mbele ya bingwa. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, mkoani Morogoro. Kwa jumla, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Bila shaka si kujitambulisha peke yake kulikoleta hayo. Orodha inakagua pia dawa, vifaa na mengine mengi.

Katika ofisi ya kawaida, kila kitu hutegemea jibu la kwanza. Karani wa stoo akisema mzigo haulingani na stakabadhi, wote humtazama meneja usoni. Akifoka, amewafunga midomo wote waliomo. Akisema, "Asante, nionyeshe," kesho atasikia jambo lingine. Hii haina maana kwamba mwizi au mzembe aachwe. Anayelindwa ni yule anayetoa taarifa mapema na kwa nia njema.

Kikaoni pia, "Kuna mwenye swali?" huzaa kimya. Afadhali uulize, "Mpango huu utakwama wapi?" kisha umpe nafasi kwanza aliye chini kabisa kwa cheo, maana mkubwa akishasema, wengine watamfuata. Na yeyote akitaja tatizo, liandikwe palepale pamoja na jina la atakayelishughulikia na tarehe ya kuleta majibu.